Mdudu wa mavi juu ya porselene

Wandugu, kila mara watu wakiongelea vaze ya mdudu ya Adelaide Robineau, wanaanza na masaa: masaa 1000 ya kuchonga porselene mbichi, mwaka 1910, kule University City, Marekani. Mi nasema masaa peke yake hayatoshi. Hata shamba baya linaweza kulimwa siku mingi.

Kinachonishika ni yule mdudu aliyemuchagua: mwenye kuviringisha mavi. Sisi wa agronomia tunamujua: anazika mbolea, udongo unapata hewa. Robineau alimuchonga vaze yote, akisukuma donge lake, na kazi akaiita utukufu wa mtu wa kazi. Juu ya porselene, udongo wa meza za wafalme! Hapo iko heshima ya kweli.

Halafu ndani ya tanuru vaze ikapasuka upande wa chini. Hakuitupa: alijaza nyufa na porselene ya kusaga, akapaka tena ile rangi yenye kungaa kama kioo, akachoma upya. Leo iko ku Everson Museum, Syracuse.

Lawama yangu: michongo imejaa mno, macho hayana pa kupumuzika. Lakini mutu wa kazi naye anapumuzika wapi?