Sauti Iliyochafuliwa kwa Makusudi

Mwekee mtu aliyekulia kwenye rumba wimbo wa kwanza wa albamu ya From Kinshasa, halafu mwangalie. Kuna uwezekano mkubwa atainuka kwenda kukagua spika. Besi inakoroma, waimbaji wanasikika kama wametegeshewa kipaza sauti cha mnadani, na gitaa, ambalo kwa mazoea yetu ya muziki wa Kongo ndilo linalopaswa kung'aa kuliko vyote, limekwaruzwa hadi huelewi kama ni gitaa au ni kinanda kilichoharibika. Spika ni nzima. Kila mkwaruzo umewekwa pale na mtu aliyejua anachokifanya, na hapa nataka tuuangalie huo ufundi wake.

Albamu hii ya kwanza ya Mbongwana Star ilitoka mwaka 2015 kupitia World Circuit ya London. Hilo peke yake ni kichekesho kidogo, maana kampuni hiyo ilijijengea jina kwa Buena Vista Social Club na Ali Farka Touré: ala zinazosikika kila uzi, maikrofoni za bei mbaya, sauti safi kama maji ya mtungi. Kundi lilikuwa jipya ila vinara wake walikuwa wazoefu. Coco Ngambali na Theo Nzonza walitoka Staff Benda Bilili, lile kundi la Kinshasa ambalo wengi wa wanamuziki wake walipooza miguu kwa polio. Walikuwa wakifanya mazoezi kwenye viunga vya bustani ya wanyama ya jiji, wamekaa kwenye baiskeli zao za magurudumu matatu. Walitoa Très Très Fort mwaka 2009, filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes mwaka uliofuata, wakazunguka dunia, na mwaka 2013 kundi likameguka.

Coco na Theo wangeweza kuanzisha Benda Bilili ya pili na watu wangenunua tiketi. Badala yake walikusanya vijana, akiwemo mpiga gitaa anayeitwa R9 na mpiga dramu Randy Makana, wakamwingiza na Liam Farrell, Muairishi wa Paris anayefahamika kama Doctor L. Huyu alianza kama mpiga dramu, akafanya kazi na kundi la rap la Kifaransa la Assassin, na mwaka 1999 ndiye aliyekuwa prodyuza wa Black Voices ya Tony Allen. Jambo la kuzingatia ni kwamba Farrell hakutumiwa mafaili yaliyorekodiwa na wenzake ili ayatie biti. Besi ya Mbongwana Star anaipiga yeye. Alikuwa chumbani Kinshasa nyimbo zilipokuwa zikitengenezwa, ndipo akarudi nazo Paris kuzikatakata.

Miseto mingi ya muziki wa Kiafrika na wa kielektroniki inafeli kwa sababu ileile. Prodyuza anakuwa na biti yake tayari. Anatafuta sauti ya mwimbaji au kipande cha gitaa, anakibandika juu, na kazi imekwisha. Ukiondoa kipande hicho biti inabaki ileile, na ukiondoa biti wimbo wa zamani unabaki uleule. Havijagusana. Farrell alianzia upande mwingine. Alijiuliza ni kitu gani katika sauti ya Kinshasa ambacho tayari kina umeme ndani yake, akakipata, akakiongeza nguvu.

Kabla ya kukitaja kitu hicho, tukumbushane kwamba mashine si ngeni kwenye muziki wa Kongo. Soukous iliyorekodiwa Paris miaka ya 1980 ilijaa mashine za ngoma na vinanda vya kidijitali. Kanda Bongo Man alipokata beti za polepole na kuingia moja kwa moja kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa ya kasi, huku Diblo Dibala akimwaga solo, ngoma zilizokuwa nyuma yake zilinyooka kama zimepigiwa rula. Nyuma zaidi, Zaiko Langa Langa walishaondoa saksofoni na tarumbeta na kuisogeza dramu mbele. Rumba imefanyiwa ukarabati na kila kizazi. Ila ukarabati wa Paris ulikuwa wa kusafisha: gitaa likawa jembamba na lenye kumeta, besi ikawa ya mviringo, sauti ya mwimbaji ikawekwa mbele kavu ili kila neno la Kilingala lisikike. Ndiyo sauti ambayo baa zetu kuanzia Kigoma hadi Mombasa ziliizoea kwa miaka mingi, na ndiyo maana tunadhani rumba ni lazima iwe hivyo.

Kinshasa yenyewe ilikuwa na sauti nyingine pembeni. Konono N°1, kundi lililoanzishwa na Mawangu Mingiedi miaka ya 1960, lilipiga likembe, ala za vijino vya chuma, zilizofungwa vinasa sauti vya kujitengenezea kwa sumaku zilizotolewa kwenye vyuma chakavu vya magari, na kupitishwa kwenye amplifaya na vipaza sauti vya honi. Shida yao ilikuwa rahisi kueleweka: likembe ni ala ya kupigwa uani, na jiji lina kelele. Walipoiongezea sauti ili ishinde magari, umeme ukaja na mkwaruzo wake, nao wakaupenda wakaubakiza. Wala haukuwa kitu kigeni sikioni mwao. Vijino vya likembe kwa desturi hufungwa vipete vya chuma ili kila noti itoke na mzizimo wake. Ilimba ya Wagogo pale Dodoma nayo hubandikwa utando wa buibui kwenye tundu kwa kazi hiyohiyo. Kwa fundi wa ala hizi, noti isiyozizima ni noti iliyopikwa nusu. Albamu ya Congotronics, iliyowatangaza duniani mwaka 2004, iliwashangaza mashabiki wa muziki wa kompyuta wa Ulaya kwa sababu ilifanana na wanachokitafuta wao kwenye programu zao, ilhali hakukuwa na kompyuta hata moja kwenye upigaji wake.

Farrell alilielewa hilo, na ushahidi ni wimbo wa Malukayi, ambamo Konono wenyewe wamealikwa. Ungetegemea likembe ziwekwe mbele kama mgeni rasmi. Hazikuwekwa hivyo. Zimelazwa katikati ya wimbo, mkwaruzo wao ukikutana na mkwaruzo wa besi mpaka inakuwa vigumu kusema moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Wimbo unakwenda taratibu, ngoma ya kukanyaga inadunda kwa uzito, na juu yake sauti za watu zinaelea. Kwangu huu ndio wimbo unaoibeba albamu nzima. Katika video yake mtu aliyevaa mavazi ya mwanaanga anazurura Kinshasa usiku, na safari hii video imeusoma muziki ulivyo.

Sasa huo mkwaruzo unafanya nini hasa? Wimbi la sauti linapozidi uwezo wa amplifaya, vilele vyake hukatwa. Wimbi lililokuwa la mviringo linapata kingo, na kingo hizo huzaa mitetemo ya juu ambayo mpiga ala hakuipiga. Chukua noti ya besi yenye mitetemo 50 kwa sekunde. Spika ndogo ya simu au ya redio ya mkono haiwezi kuitoa, kwa hiyo kwenye spika hiyo besi safi inapotea kabisa. Ikwaruze, na noti ileile inazaa marudufu yake: 100, 150, 200, 250 na kuendelea. Hayo spika ndogo inayaweza. Sikio likishayapata, ubongo unajazia wenyewe ile noti ya chini isiyokuwepo. Ndiyo maana besi ya Farrell inafika popote, na ndiyo maana spika za mitaani zilizochoka, ambazo huharibu miksi safi, haziwezi kuiharibu hii. Imeshaharibiwa na mwenyewe, tena kwa kipimo.

Neno kipimo nalitumia kwa uzito wake, kwa sababu mkwaruzo una gharama. Besi ikishazaa marudufu yote hayo, inakalia nafasi ya gitaa na ya sauti ya mwanamume. Wakitoka wote kwa pamoja wanakuwa tope. Dawa ya Farrell ni kupunguza wasemaji. Gitaa la rumba kwa kawaida huja kwa familia: rizimu, solo, na katikati yao mi-solo, yakifumana bila kuacha upenyo. Kwenye albamu hii ufumaji huo umefumuliwa. Gitaa la R9 linaingia na kipande kifupi, linakirudia kama kitanzi cha kompyuta, kisha linanyamaza. Ukisikiliza kwa haraka utadhani ni sampuli iliyokatwa mahali. Ni mtu anayepiga kwa nidhamu ya mashine. Mwanafunzi yeyote wa sebene anajua ugumu wake, maana sebene lenyewe limejengwa juu ya kurudia, isipokuwa kule unaruhusiwa kupamba. Hapa pambo limekatazwa.

Basi ile nafasi iliyoachwa na gitaa la rizimu inajazwa na nini? Na mwangwi. Mbinu hii ilikomazwa Kingston, Jamaika, miaka ya 1970 na mafundi kama King Tubby: unachukua sauti, unairudisha baada ya muda uliopimwa, unaiacha ififie. Hesabu yake si ngumu. Wimbo ukiwa na mipigo 120 kwa dakika, kila mpigo unachukua milisekunde 500. Ukiutega mwangwi urudi baada ya milisekunde 375, yaani robo tatu ya mpigo, silabi ya mwimbaji haiangukii tena juu ya ngoma. Inatua kwenye upenyo kati ya ngoma na ngoma. Mtu mmoja anatamka neno, na neno hilo linageuka kuwa ala ya midundo inayocheza kinyume na dramu. Kazi hiyo ya kucheza pembeni ya mpigo ndiyo hasa iliyokuwa ya gitaa la rizimu kwenye bendi ya kawaida. Farrell hakulifuta gitaa lile, amelihamishia kooni mwa Coco na Theo.

Na hapa ndipo umakini wake unapoonekana zaidi, kwa kitu ambacho hakukigusa. Pamoja na kuzikwaruza sauti na kuzirusha kwenye mwangwi, mpangilio wenyewe wa sauti ni wa rumba ya zamani: wanaume wawili watatu wakiimba kwa kuachana ngazi, wakipanda na kushuka pamoja, wakimalizia sentensi kwa ule unyonge mtamu ambao Kinshasa imeuimba tangu enzi za Franco na Tabu Ley. Ukitaka kuthibitisha, ruka moja kwa moja hadi Coco Blues, ambapo vurugu zimepunguzwa. Unasikia koo la mtu mzima aliyeimba mtaani miaka mingi, bila haraka. Baada ya hapo rudi Nganshé au Kala na utagundua kwamba koo ni lilelile, kilichobadilika ni chumba lilimowekwa.

Lawama zipo. Ya kwanza ni maneno. Rumba ni muziki wa mashairi, na msikilizaji wa Kilingala hukaa chini kusikiliza hadithi kabla hajainuka kucheza. Hapa hadithi inamezwa. Shégué umepewa jina ambalo Kinshasa wanawaitia watoto wa mitaani, na ni wimbo ambao mtu angependa kumsikia mwimbaji vizuri kuliko kawaida. Sauti imefunikwa mno. Naelewa sababu ya kiufundi, sikubaliani nayo. Ya pili ni kwamba kuna nyakati Farrell anajisahau na kuanza kutuonyesha vifaa vyake: milio inayopita kushoto kwenda kulia bila kazi, vichujio vinavyofunguliwa na kufungwa kwa sababu tu vipo. Si mara nyingi. Suzanna, kwa mfano, una kasi na fujo zote za bendi ya roki ya kihuni, na bado kila kilichomo kina kazi.

Kuhusu dramu sina mengi, ila moja tu. Randy Makana anapiga kweli, na mashine inapoingia inawekwa sambamba naye pasipo kumfunika. Mkono wa mtu huchelewa kidogo hapa na kuwahi kidogo pale, mashine haichelewi, na ule msuguano mdogo kati ya wawili hao ndio unaomfanya mtu atikise bega bila kujua. Prodyuza wengi wangemnyoosha Randy kwa kompyuta afuate gridi, kazi ya dakika tano, na wimbo ungekufa hapohapo.

Miaka minne baadaye ilitoka Fongola, albamu ya kwanza ya KOKOKO!, kundi jingine la Kinshasa lenye prodyuza wa Kifaransa, Débruit. Ala zao ni za chupa, makopo na mabaki ya vyuma, na watu wengi huziweka albamu hizi mbili kapu moja. Kiufundi zimekaa mbalimbali. KOKOKO! waliuacha kabisa uimbaji wa rumba. Makara Bianko anaita na kuhamasisha kama kiongozi wa ngoma, na mashine ndiyo uti wa mgongo. Kwa mtu wa klabu Fongola ni rahisi zaidi kuingilika, kwa kuwa haimdai kumbukumbu yoyote ya rumba. From Kinshasa inaidai hiyo kumbukumbu, na asiyejua gitaa la Kongo lilivyokuwa liking'aa hatajua ni nini hasa kilichopakwa masizi.