Kungoja Chipukizi: Uhakiki wa Uteuzi wa Vitabu vya Picha vya Majira ya Kuchipua kwa Watoto Wadogo

Sehemu hii inahakiki uteuzi wa vitabu vya picha vya Marekani vinavyosomwa kwa sauti katika kipindi cha hadithi cha watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 3 wakati wa majira ya kuchipua, yaani majira yanayofuata baridi kali, ambapo miti iliyopukutika huvaa tena majani. Mara nyingi kitabu huteuliwa kwa sababu jalada lake lina maua, vifaranga au mwavuli. Mtafiti anaona kwamba kigezo hicho hakitoshi. Majira ya kuchipua ni badiliko, si orodha ya vitu. Na mtoto wa miaka 2 hana kumbukumbu ya mwaka uliopita ya kumwezesha kulitambua badiliko hilo. Hivyo basi, kitabu kinachomfaa ni kile ambacho fani yake humfanya angoje kwanza, kisha aone.

Mfano bora ni The Carrot Seed (1945) cha Ruth Krauss, kilichochorwa na Crockett Johnson. Mvulana anapanda mbegu ya karoti. Mama, baba na kaka yake wanamwambia haitaota. Yeye anaendelea kupalilia na kumwagilia. Matini ina maneno yapatayo 100 tu, na takriri ya kauli za wakubwa hujenga taharuki ambayo hata mtoto asiyejua kusema vizuri huihisi. Majira yenyewe si mada ya kitabu, lakini badiliko lipo, tena kubwa: karoti inayobebwa kwa toroli.

And Then It's Spring (2012) cha Julie Fogliano, kilichochorwa na Erin E. Stead, kinalifanya suala la kungoja kuwa dhamira kuu. Ardhi ni ya kahawia ukurasa baada ya ukurasa. Mtoto anahofia ndege na dubu wasiharibu mbegu zake, kisha anategea ardhi sikio. Kijani kinapofika, kinafika kwa kuwa kimengojewa. Hata hivyo, michoro ya Stead ni myepesi na ina vitu vidogo vidogo. Mtoto aliyeketi mbali na msomaji hataviona. Kitabu hiki kinafaa kikundi kidogo.

Ulinganisho wa vitabu viwili vya Eric Carle unathibitisha hoja hii. Kwa kigezo cha mada, The Tiny Seed (1970) kingetangulia, maana kinafuata safari ya mbegu katika majira yote ya mwaka. Lakini matini yake ni ndefu kwa umri huu. The Very Hungry Caterpillar (1969) hakitaji majira, ila kurasa zake zenye matundu, zinazopanuka siku hadi siku, humwezesha mtoto kuupima muda kwa kidole.

Inaweza kudaiwa kwamba mtoto wa umri huu anahitaji msamiati kwanza, na kwamba orodha ya maua na ndege inatosha. Dai hilo lina uzito, lakini msamiati huo hupatikana pia ndani ya hadithi, pamoja na sababu ya kuukumbuka.

Suala hili linamgusa pia mfasiri wa Kiswahili. Masika huanza karibu na mwezi Machi, hivyo kuna kishawishi cha kulitumia neno hilo. Lakini masika ni majira ya mvua ndefu, nayo katika pwani yetu hufuata joto la kaskazi, si theluji. Kuandika "masika" katika kitabu cha Fogliano kungeifanya kahawia ya kurasa za mwanzo ikose sababu. Kitabu cha Krauss, kinyume chake, kinavuka bila tatizo, kwa kuwa mbegu hungojewa kila mahali.

Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba mkutubi asiulize tu kitabu kinahusu nini, bali aulize pia: mtoto anangoja nini kabla ukurasa haujafunuliwa?