Uwanja wa mbio uliochorwa kwa saa

Butembo mpaka Beni ni kilomita 54. Beni mpaka Kasindi ni 80 hivi. Kwa miaka mingi shofere wa huku hakujali sana hesabu hiyo. Mvua ikishanyesha, swali lilikuwa moja tu: utalala wapi?

Ninachochambua leo kilifanyika ng'ambo ya Rwenzori, katika Uganda, Kenya na Tanganyika, lakini msomaji wa Butembo atakielewa upesi kuliko msomaji wa Paris au Tokyo. Watu wachache walichukua barabara mbovu za kila siku, zenye ng'ombe, mabasi, wachuuzi na potopoto, wakazifanya uwanja wa mbio za magari ulioogopwa na viwanda vikubwa vya magari duniani. Hawakujenga ukuta wala hawakumwaga zege. Barabara zenyewe zipo mpaka leo na watu wanapita, ila kama uwanja wa mbio zilikufa zamani.

Inashangaza kwamba uwanja huo usio na ukuta ulizaliwa kwa kuchoshwa na uwanja wa kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walowezi wa Kenya walikuwa na kiwanja chao cha mbio, Langalanga, upande wa Nakuru katika Bonde la Ufa. Magari yalizunguka pale pale, watazamaji wakiwa pembeni. Inasimuliwa kwamba Eric Cecil alimwalika binamu yake, Neil Vincent, ashiriki. Vincent akakataa. Kuzunguka sehemu moja kulimchosha hata kabla ya kuanza. Alichotaka ni kufunga mlango wa gari, kukata nusu ya Afrika, kurudi, na atakayefika wa kwanza awe mshindi. Cecil alilichukua neno hilo kwa uzito kuliko pengine lilivyokusudiwa.

Langalanga yenyewe ilizimika, kama vilivyozimika viwanja vingi vilivyotegemea ardhi moja na klabu moja. Hata Brooklands ya Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1907 ikiwa na kona za zege zilizoinuliwa kama ukuta, haikuona tena mbio baada ya 1939. Vita vilikuja, viwanda vya ndege vikachukua eneo. Lakini jina la Langalanga lilikuwa na bahati. Leo kuna mtaa wa Nakuru unaoitwa hivyo, na watangazaji wa michezo kwa Kiswahili bado wanasema "mbio za langalanga" hata wanapotangaza Formula One ya Monaco.

Basi Cecil na wenzake walifanyaje? Wazo la kwanza lilikuwa kuzunguka Ziwa Victoria. Mvua ikaziharibu barabara za kando ya ziwa, mpango ukabadilika. Mwishoni mwa Mei 1953, katika kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, magari yaliondoka katika safari iliyoitwa Coronation Safari. Madaraja ya ushindani yalipangwa kwa bei ya gari dukani, kinyume na desturi ya kupanga kwa ukubwa wa injini. Ulinganishwe na mtu aliyenunua gari la bei kama yako, basi. Hakukuwa na mshindi mmoja wa jumla mwaka ule, ingawa Alan Dix na Johnny Larsen, ndani ya Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, ndio wanaokumbukwa kwa kupoteza pointi chache zaidi.

Hizo pointi ndizo kiini cha jambo zima.

Uwanja wa kawaida hupima nani amemaliza mizunguko kwanza. Safari haikuweza kupima hivyo, kwa sababu magari yaliondoka moja baada ya jingine, kwa dakika zilizopangwa, na barabara ilikuwa wazi kwa kila mtu. Wakaigawa njia katika vipande. Kila kipande kilikuwa na kituo mwanzoni na kituo mwishoni, na kila kituo kilikuwa na saa. Ulipewa muda, kila dakika uliyochelewa ilikuwa adhabu. Mwisho wa safari, mwenye adhabu ndogo ndiye mshindi.

Tuseme kipande ni kilomita 120 na umepewa saa moja na dakika 20. Hiyo ni kasi ya wastani ya kilomita 90 kwa saa, na njia ikiwa kavu, dereva hodari anaifikia. Sasa mvua inyeshe, ushuke mpaka kilomita 40 kwa saa. Utatumia saa tatu, na utakuwa umebeba dakika 100 za adhabu katika kipande kimoja. Hakuna kasi ya kipande kingine itakayokurudishia dakika hizo, kwa maana ukiwahi kufika hupati zawadi, unangoja tu.

Hapo ndipo wageni wengi walipokosea hesabu. Walidhani kukimbia kwenye njia nzuri kunaleta ushindi, kumbe kulinunua muda tu. Dakika 15 ulizookoa kwenye njia nzuri zilikuwa za kukaza nati, kubadili tairi, kunywa chai, kumwacha fundi aingie chini ya gari. Ushindi wenyewe uliamuliwa mahali pabaya, na mpanga njia aliyejua kazi alihakikisha mahali pabaya hapakosi. Ndiyo sababu baadaye mbio ziliwekwa wakati wa Pasaka, masika yanapoanza kupiga. Kwa maneno mengine, waliajiri mvua. Kwa macho yangu huo ndio ubunifu mkubwa kuliko yote, na haukugharimu hata senti.

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, mwenye asili ya Poland aliyeishi Kenya, akiwa na Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404. Mtu akishinda mara moja katika balaa kama hilo tutasema bahati. Akishinda mara mbili, gari la aina ile ile, mwenzake yule yule, tunatakiwa kuangalia mbinu.

Mbinu ya kwanza ilikuwa udongo. Murramu nyekundu ikilowa huteleza juu, lakini chini imeshika. Ukiwa mpole na usukani unapita. Udongo mweusi wa mbugani hauko hivyo. Unajaza nafasi kati ya tairi na bodi, unaganda, na gurudumu linaacha kuzunguka. Mkaazi aliyezoea njia alitazama wingu saa tisa alasiri akajua kipande cha usiku kitakuwa cha aina gani. Mgeni alisubiri kuliona tope kwenye mwanga wa taa. Haikushangaza kwamba mpaka 1972, Hannu Mikkola na Gunnar Palm waliposhinda na Ford Escort, hakuna dereva aliyetoka ng'ambo aliyewahi kutwaa kombe. Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi wa magari wa Kenya. Ushindi wa kwanza aliupata na Volvo iliyokwisha kutumika, mdogo wake Jaswant akiwa mwelekezi.

Ya pili ilikuwa uzito. Magari mengi ya enzi hizo yalisukumwa na magurudumu ya nyuma. Katika tope, nyuma ikiwa nyepesi, tairi zinazunguka bure. Kobe ya Volkswagen ilikuwa na injini nyuma, juu kabisa ya magurudumu yanayosukuma, tena injini ya kupozwa kwa hewa, isiyo na rejeta ya kutobolewa na jiwe. Ndiyo maana kigari kile kidogo kilishinda 1954, 1957 na 1962 mbele ya magari yenye nguvu mara mbili.

Wenye injini mbele walitafuta dawa nyingine. Tazama picha za magari ya Safari ya miaka ya 1960 na 1970 kwa nyuma. Utaona vishikio viwili juu ya buti, na chini, kwenye bampa, vibao vidogo vya kukanyagia. Si mapambo. Gari likianza kuzama, mwelekezi aliruka nje, akapanda pale, akashika vishikio, akaanza kuruka juu na chini kwa mpigo wa injini. Uzito wake ulibana tairi za nyuma kila aliposhuka. Gari likishika, halikusimama kumngoja. Alining'inia hivyo hivyo nje, uso umejaa matope, mpaka wafike pakavu. Kijana yeyote aliyewahi kupanda nyuma ya lori ili lipate kutoka shimoni anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa.

Nyingine nazitaja upesi: bamba la chuma chini ya injini, vyuma vya mbele vya kuzuia ng'ombe na wanyama, bomba la hewa lililopandishwa juu ili gari lisinywe maji ya mto, taa kali zilizowashwa hata mchana ili mwenye baiskeli aone kinachokuja. Baadaye timu tajiri zilileta helikopta. Ilitangulia angani na kuonya kwa redio: kuna basi kwenye kona, kuna twiga, kuna harusi inapita.

Helikopta ndiyo iliyonionyesha kwamba uwanja umeanza kufa. Ikiwa unahitaji jicho la angani ili usimgonge mwananchi, basi barabara imekwisha kuwa ya mwananchi, na wewe ni mgeni ndani yake.

Kufa kwenyewe kulikuwa kwa hatua. Kwanza mipaka. Kuanzia 1960 mashindano yaliitwa East African Safari, na jina lilikuwa na haki yake, maana mtu aliweza kulala Uganda na kuamkia Tanganyika. Katikati ya miaka ya 1970 siasa ziliharibika, mbio zikabaki ndani ya Kenya peke yake, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Vipande vya magharibi mwa Uganda, vilivyokuwa karibu nasi kuliko Nairobi, vikarudi kuwa njia za ndizi na kahawa.

Kisha lami. Hapa watu wengi hukosea, hudhani Safari iliuawa na ubovu wa barabara, kumbe iliumizwa na uzuri wake. Kumbuka hesabu ya saa: inafanya kazi pale tu ambapo muda uliotolewa haufikiki kwa urahisi. Barabara ikiwa nzuri, kila mtu anafika kwa wakati, adhabu hakuna, mshindi hapatikani. Ili kumpata, mpangaji anapunguza dakika. Akipunguza dakika, kasi inapanda. Kasi ikipanda kwenye barabara iliyo wazi, yenye matatu na watoto wanaotoka shule, unafika mahali ambapo mtu mwenye akili lazima aseme basi. Ongeza gharama zilizopanda na maandalizi yaliyolegea, na baada ya Colin McRae kushinda mwaka 2002, Safari ikaondolewa katika ubingwa wa dunia.

Ilirudi Juni 2021 kule Naivasha, na Sébastien Ogier akashinda. Lakini angalia vipimo. Safari ya zamani ilipita kilomita 5,000. Hii ya 2021 ilishindaniwa katika kilomita 320 tu, kwenye vipande vilivyofungwa, hakuna basi, hakuna mchuuzi. Wazee wanalalamika kwamba imekuwa laini. Mimi siungani nao. Waandaaji walilazimika kuchagua kati ya kuondoa saa na kufunga njia, wakafunga njia. Ni uamuzi sahihi, hata kama picha zake hazipendezi kama zile za 1963.

Mwezi ule ule, Juni 2021, marais wa Kongo na Uganda walizindua mpakani Kasindi kazi ya barabara ambayo ndani yake mna Kasindi–Beni na Beni–Butembo. Wengi tuliifurahia na bado tunaifurahia. Mwenye kupeleka mbao au kahawa mpakani hahitaji kushawishiwa.

Ila tuitazame kwa hesabu ya Safari. Shofere wetu wa taksi na motari wetu tayari wanakimbizana na saa. Saa yao ni fedha ya kila jioni wanayodaiwa na mwenye gari au mwenye pikipiki. Deni hilo lilipangwa wakati wa potopoto, na potopoto, pamoja na ubaya wake wote, lilikuwa breki. Lami ikifika, breki inaondoka na saa inabaki, tena mwenye gari ataongeza dai lake, kwa kuwa sasa gari linakwenda mara tatu kwa siku badala ya moja. Njia itakuwa wazi, yenye soko pembeni na watoto katikati, bila helikopta ya kumwonya mtu. Na kwetu usukani wenyewe umechanganyika: sheria ya Kongo inataka tupite kulia, ilhali magari mengi yanayoingia kupitia Uganda yana usukani upande wa kulia, hata dereva anayetaka kupita lori haoni kinachokuja mpaka atoe nusu ya gari nje.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye magari wa Butembo na Beni, na kwa vyama vya madereva vinavyokaa nao mezani: pangeni upya fedha ya jioni kabla lami haijakamilika, na ipangeni kwa idadi ya safari ambazo mtu anaweza kuzifanya bila kukimbia. Na vijana wanaotaka mashindano ya kweli, waende kwa meya wakaombe kipande kifupi kifungwe Jumapili asubuhi, chenye askari kila kona na gari la wagonjwa likingoja.