Buluu ya Jua na Maji

Anayetaka kuchapa picha kwa mkono asianze kwa kuulizia bei ya kamera. Aulizie karatasi ya rangi za maji, ile nzito. Sayanotipu, mbinu aliyoibuni Mwingereza John Herschel mwaka 1842, haidai chumba cha giza wala mashine. Inadai chumvi mbili za chuma, jua, na maji ya bomba.

Gramu 25 za feriki amonia sitrati huyeyushwa katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisianidi katika mililita 100 nyingine. Siku ya kazi huchanganywa nusu kwa nusu na kupakwa kwa brashi kwenye mwanga hafifu, kisha karatasi ikauke gizani. Asidi kali isisogezwe karibu, na vyombo hivyo visirudi jikoni.

Juu ya karatasi laza jani la mpapai, kitambaa cha lesi, au negativu iliyochapwa steshenari kwenye plastiki angavu, ukubwa uleule wa picha uitakayo. Fremu kuukuu yenye kioo inatosha kubana. Jua la saa sita la pwani yetu humaliza kazi kwa dakika chache. Rangi ya kijani-manjano hugeuka kijivu cha kutu, picha ikaonekana imeungua, na hapo ndipo wengi huitoa mapema. Iache! Kisha ioshe: majini umanjano utatiririka, buluu ijitokeze, nayo itazidi kukolea ikikauka.

Anna Atkins alianza kutoa kitabu chake cha mwani wa Uingereza mwaka 1843 kwa njia hii, kwa kuwa mimea midogo hivyo ilimshinda kuichora kwa usahihi. Baadaye wahandisi walinakili ramani za majengo kwa buluu hiyohiyo. Napenda kwamba sanaa hii imewahi kuwa kibarua cha ofisini; hilo linaipunguzia majivuno.

Bana matumizi kwingine kote, karatasi usiibanie. Ya fotokopi hulegea majini, na iliyotiwa chokaa huila buluu. Magadi nayo huila, lakini hilo lina faida yake: iloweke picha katika maji ya magadi hadi ipauke, isuuze vizuri, kisha itumbukize katika chai ya rangi iliyokolea. Itatoka ya kahawia inayokaribia weusi, na gharama yake ni magadi na majani ya chai tu.