Sign o' the Times haipimwi kwa wingi wa mitindo

Kila ifikapo tarehe 21 Aprili, siku aliyofariki Prince mwaka 2016, na tena tarehe 7 Juni, siku aliyozaliwa, sifa humiminika, na nyingi hutoka kwa watu ambao hawajakaa kitako kusikiliza. Sign o' the Times, albamu yake ya santuri mbili iliyotoka mwishoni mwa Machi 1987, ndiyo inayosifiwa zaidi na ndiyo inayoeleweka kidogo zaidi. Wanaoisifu wote husema lilelile: albamu hii ina kila kitu ndani, fanki, roki, soul, injili, na kadhalika. Kisha sifa hiyohiyo hubandikwa kwenye albamu yoyote mpya yenye nyimbo ishirini na ushei inayorukaruka kutoka mtindo huu hadi ule, eti ndiyo Sign o' the Times ya kizazi hiki. Mpenzi wa kweli akisoma maneno hayo hukasirika, na ana haki ya kukasirika.

Kuchanganya mitindo ni kazi nyepesi. Prodyuza yeyote mwenye kompyuta anaweza kuupanga wimbo wa gitaa kali kando ya wimbo wa kanisani na kuuita upana. Kigumu ni kuifanya mitindo kumi itoke kwenye mkono mmoja, msikilizaji akaujua mkono huo kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Stevie Wonder aliliweza hilo mwaka 1976 katika Songs in the Key of Life. The Clash waliliweza katika London Calling. OutKast walipotoa Speakerboxxx/The Love Below mwaka 2003 waligawana, kila mtu na sahani yake, na ndiyo maana albamu ile, pamoja na utamu wake wote, ni albamu mbili zilizofungwa kwa karatasi moja.

Kwanza yaondolewe makosa mawili yanayorudiwa kila mwaka. La kwanza ni kwamba albamu hii ilirekodiwa Paisley Park. Jengo hilo la studio lilifunguliwa Septemba 1987, miezi kadhaa baada ya santuri kuwa madukani. Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika katika studio ya nyumbani kwa Prince, barabara ya Galpin huko Chanhassen, Minnesota, na katika studio ya Sunset Sound, Hollywood. La pili ni kwamba alifanya kila kitu peke yake. Alifanya mengi mno peke yake, ni kweli, lakini saksafoni ni ya Eric Leeds, tarumbeta ni ya Atlanta Bliss, Susannah Melvoin aliandika naye Starfish and Coffee, na It's Gonna Be a Beautiful Night ilianzia jukwaani Paris, ukumbi wa Le Zénith, Agosti 1986, The Revolution wakipiga nyuma yake. Miezi miwili baadaye bendi hiyo ilivunjwa. Anayesema "peke yake" anawafuta Wendy Melvoin na Lisa Coleman wa bendi hiyo, na asiyewasikia wawili hao hajaisikia albamu.

Kipimo cha kwanza cha albamu ya santuri mbili ni kilichoachwa nje. Hapa hakuna mjadala. Mwaka 1986 Prince alikuwa na miradi mitatu mezani: Dream Factory aliyokuwa akiitengeneza na bendi yake, Camille yenye nyimbo nane zilizoimbwa kwa sauti iliyopandishwa, na Crystal Ball, santuri tatu zenye nyimbo 22. Warner Bros. walikataa santuri tatu. Akakata. Wimbo wenyewe ulioitwa Crystal Ball, wa zaidi ya dakika kumi, ukaachwa nje. Rebirth of the Flesh ukaachwa nje. Joy in Repetition, wimbo ambao mwanamuziki mwingine angejengea maisha yake yote, ukakaa kabatini hadi 1990 ulipoingizwa katika Graffiti Bridge. Na katikati ya kukata huko, Desemba 1986, akaongeza wimbo mmoja mpya, U Got the Look, ambao aliimba na Sheena Easton na ukafika nafasi ya pili Marekani. Zikabaki nyimbo 16, kama dakika 40 kwa kila sahani. Miaka tisa baadaye, akiwa huru na bila wa kumkatalia, alitoa Emancipation: sahani tatu, nyimbo 36, kila sahani saa moja kamili. Zipigwe zote mbili siku moja, faida ya kukatwa itasikika yenyewe.

Lakini haya yote mgeni anaweza kuyasoma mahali akayakariri. Jambo ambalo hulikosa kila mara, hata baada ya miaka ya kusikiliza, ni ngoma.

Mgeni husikiliza gitaa, kwa sababu Prince alikuwa mpiga gitaa wa ajabu. Husikiliza sauti, kwa sababu ile sauti ya juu huvuta. Ngoma kwake ni "bit" tu, kitu cha kuchezea. Mjuzi huanzia hapo hapo, na ni nadra kuondoka. Nyimbo nyingi za albamu hii zimesimama juu ya mashine ya ngoma iitwayo Linn LM-1, aliyoitengeneza Roger Linn mwaka 1980. Ziliundwa takriban 500 tu duniani, na bei yake ilikaribia dola 5,000. Ilikuwa miongoni mwa mashine za kwanza kutumia sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa. Haikuwa na matoazi makubwa. Ilikuwa na hi-hat tu. Mwaka 1982 Linn alitoa LinnDrum, ya bei nafuu na yenye matoazi, na wanamuziki wengi wakahamia huko. Prince alibaki na ile ya zamani.

Sababu iko kwenye vitufe. Katika LM-1 kila sauti ya ngoma ina kitufe chake cha kuzungusha cha kuipandisha au kuishusha, na kila moja ina tundu lake la kutokea. Wengi waliikuta mashine ikiwa imepangwa wakaiacha ilivyo. Sikiliza Dare ya The Human League, ya 1981: LM-1 ileile, ngoma zimenyooka, safi, kila moja na umbo lake la kiwandani. Prince aliushusha ule mpigo wa kijiti kwenye ukingo wa ngoma hadi ukawa mlio mzito, mkavu, kama mtu anayebisha mlango wa chumba kitupu. Kisha akazipitisha sauti hizo kwenye pedali za gitaa za Boss, zile za sakafuni ambazo wapiga gitaa huzikanyaga kwa mguu. Ngoma ikatoka imekwaruzwa, imetetemeshwa, wakati mwingine imegeuka noti. Katika Starfish and Coffee ngoma zimegeuzwa, zinakwenda kinyumenyume, na ndiyo maana wimbo ule wa watoto wa shule unaonekana kuelea. Mgeni husema ni wimbo mtamu akapita.

Chukua Forever in My Life, wimbo wa mwisho wa upande wa pili. Kwa muda mrefu hakuna kitu humo zaidi ya ngoma, besi na sauti za Prince. Gitaa la akustika huja mwishoni kabisa. Mpigo wa ngoma haubadiliki karibu wakati wote, na kwa sababu haubadiliki, sikio linaanza kusikia kinachotokea juu yake: sauti za waitikiaji zinatangulia sauti ya mwimbaji. Kibwagizo kinafika kabla ya anayekibwaga. Prince alikuwa amerekodi waitikiaji kwanza, alipokuja kuimba sauti kuu akaingia nyuma yao, akasikia kilichotokea, akakiacha. Angekuwa na ngoma yenye madoido, kosa hilo lingemezwa. Ngoma ile kavu ndiyo iliyolifanya kuwa wimbo. Mwimbaji wa kawaida angetubu na kurudia.

Na mhandisi wake Susan Rogers, aliyeajiriwa mwaka 1983 kama fundi wa vifaa kisha akawa mhandisi wa sauti, ameusimulia mara nyingi mkasa wa The Ballad of Dorothy Parker. Meza mpya ya kuchanganyia sauti ilikuwa ndiyo kwanza inafungwa katika studio ya Galpin. Prince akaja na wimbo kichwani, anataka kurekodi papo hapo. Wakaanza. Rogers akagundua kwamba sauti haina ncha: milio yote ya juu imekufa, kila kitu kimefunikwa kama kimelazwa chini ya maji. Prince hakusimama. Alijenga wimbo mzima, ngoma, besi, kinanda, sauti juu ya sauti, katika hali hiyo. Baadaye Rogers alikuta chanzo: meza ilikuwa ikipata nusu tu ya umeme iliohitaji. Kwa fundi huo ni uharibifu. Prince aliona ndivyo wimbo huo unavyotaka kusikika, akautoa hivyo hivyo.

Kisa hicho wageni wanakijua siku hizi, na wanakisimulia vibaya. Husema uzuri wa wimbo ni ajali. Ajali hutokea katika kila studio ya dunia. Msikilizaji azifuate ngoma za Dorothy Parker peke yake, kwa spika za masikioni: vijipigo vinavyoteleza katikati ya sentensi, ngoma ndogo zilizopangwa ziitikie maneno na si mdundo. Hayo yaliandikwa kidole kwa kidole. Umeme pungufu uliyafunika tu kwa ukungu unaoyafaa. Halafu asikilize toleo lenye tarumbeta na saksafoni lililotolewa katika kasha la albamu hii la mwaka 2020. Leeds na Bliss wanapiga vizuri mno, na wimbo unakufa, kwa kuwa nafasi ambazo ngoma ziliziacha zimejazwa. Prince alizirekodi pembe hizo, akazisikiliza, akaziondoa.

Ndipo wajanja wanapojulikana. Leo kuna programu zinazouza sauti za LM-1 zikiwa zimekwisha shushwa, zimekwisha kwaruzwa, tayari kwa kubonyeza. Prodyuza hununua ule mlio, akauweka kwenye mpigo wa pili na wa nne, akaurudia dakika nne bila kuugusa, kisha wanaomsifu wakaandika kwamba amerithi ile sauti ya Prince ya Minneapolis. Hajarithi kitu. Dalili ya mjanja ni moja na haikosi: ngoma zake hazizungumzi na maneno. Mwimbaji anapanda, anashuka, anavuta pumzi, mashine haijui.

Dalili nyingine ni usafi. If I Was Your Girlfriend ina sehemu ambapo sauti ya mwimbaji inapasuka kidogo. Rogers alikuwa amefungulia sauti kupita kiasi, kosa la kiufundi lisilo na utetezi. Prince aliipenda, ikabaki. Anayetaka isafishwe hafai kukabidhiwa albamu hii, awe na vifaa vya bei gani nyumbani. Rogers mwenyewe alikuja kupata shahada ya uzamivu katika saikolojia kutoka Chuo Kikuu cha McGill, akichunguza namna binadamu wanavyousikia muziki.

Kuhusu sauti ya Camille, ile iliyopatikana kwa kurekodi huku kanda ikizunguka polepole kisha kuirudisha katika kasi yake, kipimo ni Housequake na Strange Relationship. Sauti iliyopandishwa lazima ibaki na ukali wa mtu mzima. Ikiwa ya kitoto, nakala ni mbovu. Wapenzi waliokutana na albamu hii Dar es Salaam au Nairobi kupitia kaseti za kunakili wanaujua ugonjwa huo: kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, kwa redio mbili zisizo na kasi sawa, ilimgeuza Prince kuwa sisimizi. U Got the Look ndiyo kipimo, kwa kuwa Sheena Easton anaimba humo kwa sauti yake ya kawaida. Yeye akisikika mtoto, kaseti itupwe.

Hata hivyo kaseti ya dakika 90 ilikuwa na adabu iliyopotea. Santuri ya kwanza ilijaa upande mmoja, ya pili upande mwingine, na mtu alisikiliza kwa mpangilio aliopewa. Mpangilio huo ni sehemu ya kazi. Wimbo wa kwanza unahesabu UKIMWI, magenge, dawa za kulevya na chombo cha anga kilicholipuka, juu ya ngoma na besi kavu kabisa. Wa pili, Play in the Sunshine, unalipuka kwa furaha bila kuomba radhi. Upande wa nne unaanza na The Cross, unapita kelele za Paris, unatua kwa Adore. Wanaosikiliza kwa kuchanganya nyimbo ovyo kwenye simu wanasikiliza kitu kingine. Na Adore lazima iwe ya mwisho. Haikutolewa kama singo Marekani wakati huo, lakini redio za watu weusi ziliipiga mpaka ikawa wimbo wa harusi, na hakuna wimbo wa mapenzi wa miaka ile unaoifikia.

Anayetaka kununua leo, toleo la 2020 lililofanyiwa kazi na Bernie Grundman ni zuri na halijapaka rangi juu ya ukungu. Kasha kubwa lina nyimbo 63 ambazo hazikuwa zimetolewa. Ni hazina, lakini liachwe hadi santuri mbili za awali zijulikane kwa moyo. Aanze na Forever in My Life, afuate ngoma tu, mara tatu, kabla hajasoma sifa za mtu yeyote.

Mwaka 1988 tuzo ya Grammy ya albamu ya mwaka ilikwenda kwa The Joshua Tree ya U2. Ni albamu nzuri, imepigwa vizuri. Haikuwa albamu bora ya mwaka ule.