Okidi ya Jikoni

Bustani ya jikoni haina makuu. Mchaichai kando ya bomba, mrehani mlangoni, mpilipili kwenye ndoo iliyotoboka, na juu, kwenye makumbi ya nazi yaliyofungwa kwa waya, okidi zinazoning'inia ili wageni wazisifu. Mimi hizo huzipita. Okidi ninayoivulia kofia ni vanila, ambayo huingia jikoni, na huku kwetu haizai bila mkono wa mtu.

Kuipanda si kazi. Rando la mita moja hivi, pingili mbili tatu za chini zikalazwa kwenye mboji na majani makavu bila kufukiwa sana, kwa kuwa mizizi yake hutambaa juu juu na huoza kwenye maji yaliyotuama. Mti wa kuegemea uwe na kivuli chepesi. Kagera wengi hutumia mbono. Rando likishapita kimo cha mkono, fundi hulishusha, akalipitisha kwenye panda ya tawi lining'inie kurudi chini. Likiachiwa litapanda tu. Likiinamishwa hutoa maua, mara nyingi mwaka wa tatu.

Hapo ndipo penye ufundi. Ua hufunguka alfajiri, na mchana limeshaanza kunyauka. Ndani yake chavua na sehemu ya kike vinapakana, ila vimetenganishwa na utando mwembamba. Fundi hulishika ua kwa mkono wa kushoto, huchana mdomo wake kwa njiti ya kuchokolea meno, huuinua ule utando kwa ncha, kisha kwa kidole gumba huisukuma chavua iguse upande wa pili. Anabana kidogo, basi. Ua lililokamata hubaki kwenye kikonyo. Lililokosewa huanguka kesho yake au keshokutwa. Mtazame anayejua: mkono ungali kwenye ua hili, macho yameshahamia lile linalofuata.

Mbinu hii aliivumbua Edmond Albius mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion, akiwa mtoto wa miaka 12 na mtumwa. Mashamba ya Madagaska, ya Komoro na ya kwetu yanaishi kwa kidole chake. Yeye alikufa maskini, 1880.

Kinachonishangaza zaidi ni kile fundi anachokiacha. Kichala huweza kuwa na maua 15 hadi 20. Yeye huchavusha manane, pengine kumi, mengine yakaanguka. Mwenye tamaa huvuna maganda membamba kwenye mmea uliochoka. Kisha ni kungoja miezi tisa hivi, na hata hapo ganda bichi halinukii. Hutumbukizwa kwenye maji ya moto yasiyochemka, likafungwa blanketini litoke jasho, likawa linaanikwa na kufunikwa siku baada ya siku, wiki kadhaa, mpaka liwe jeusi na laini.

Vichupa vingi vya dukani vilivyoandikwa vanila ni harufu ya kiwandani tu. Ukitaka yenyewe, omba rando kwa jirani ambaye mmea wake umeshazaa, ulipande masika yakianza.