Mizani ya Mwili katika Kumcheza Mwali: Uhakiki wa Mkabala wa Dhima katika Ngoma za Wazaramo wa Kibaha na Kisarawe

Tahakiki hii inajadili jinsi uhakiki wa ngoma za unyago za Wazaramo wa Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, unavyoegemea maneno ya nyimbo na kuusahau mwili unaozitenda. Katika mkabala wa dhima, wimbo hunukuliwa, hufafanuliwa, kisha huorodheshewa mafunzo: heshima, usafi, uvumilivu. Mkabala huo haukosei, bali unaishia njiani. Mulokozi (1989) anaiona fasihi simulizi kuwa tukio linalowakutanisha fanani, hadhira, fani, mahali na wakati. Wimbo uliobaki karatasini umeachwa na sehemu kubwa ya tukio hilo.

Siku ya kumtoa mwali, msichana hubebwa mabegani huku ngoma ikilia. Hapo miili miwili inashiriki mwendo mmoja, lakini kila mmoja una mizani yake. Taaluma ya neva husaidia kuitofautisha. Viini vya mizani katika shina la ubongo hupokea taarifa za sikio la ndani pamoja na hisi za shingo na viungo. Kemikali zinazozuia, hasa GABA na glisini, hupunguza mwitikio wa neuroni za viini hivyo. Seli za Purkinje za ubongo mdogo hutumia GABA kwa kazi hiyo. Majaribio kwa tumbili yameonesha kuwa baadhi ya neuroni hizo huitikia kwa nguvu kichwa kinaposukumwa, lakini mwitikio hupungua sana mnyama anapokigeuza mwenyewe.

Kwa mantiki hiyo, mbebaji hupiga hatua alizozikusudia, ilhali mwali hutikiswa na hatua asizozichagua, naye hulazimika kuzijibu kwa kiwiliwili chake. Uvumilivu ambao wahakiki huutafuta katika beti unatendeka hapo kabla ya kutamkwa. Je, utulivu huo ni utii au ustadi? Mkabala wa dhima huona utii peke yake. Utendaji unadhihirisha ustadi pia, kwani mwali asiyejisawazisha huwayumbisha wote wawili.

Hata hivyo, kemia ya ubongo hueleza uwezo wa mwili, si maana ya tendo. Haisemi kwa nini jamii humwinua mwali. Jukumu hilo ni la mhakiki. Kwa hiyo, watafiti wa ngoma hizi hawana budi kurekodi pia nani anabeba, nani anabebwa, na mwendo hubadilika katika ubeti upi. Pasipo hivyo, tutahifadhi nyimbo za mwali bila mwali mwenyewe.